Ethan Edwards, stelingi anayemtafuta mtoto ili amuue

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua kanuni: stelingi hafi, na akiua ana sababu. Adui ndiye huanza. Stelingi hupigwa kwanza, hupoteza mke au mdogo wake, kisha picha yote iliyobaki ni ya kulipa kisasi, na banda zima liko upande wake. The Searchers, picha ya kauboi ya John Ford iliyotoka mwaka 1956, inaanza kwa kanuni hiyohiyo. Familia inauawa, mtoto wa kike anatekwa, ami yake anapanda farasi kumfuata. Ami mwenyewe, Ethan Edwards, anachezwa na John Wayne, mtu ambaye kwa watazamaji wa wakati ule uso wake tu ulitosha kuonyesha nani mwema. Halafu, safari ikiwa imeshakolea, tunang'amua kwamba Wayne hamtafuti yule binti ili amrudishe nyumbani. Anamtafuta ili amuue.

Hapo ndipo wengi hukwama. Wapo wanaosema hii ni picha ya kibaguzi iliyopakwa rangi za kupendeza, na wapo wanaosema ni picha inayousuta ubaguzi. Taasisi ya Filamu ya Marekani iliitaja mwaka 2008 kuwa bora kuliko picha zote za kauboi, ingawa mwaka ilipotoka haikuteuliwa kugombea Oscar hata moja. Mimi naona kambi zote mbili zinajikwaa kwenye jiwe moja. Zinataka kujua kama Ford anamtetea Ethan au anamhukumu, na kwa kumkodolea macho Ethan zinasahau kuwatazama majirani zake.

Ni Texas, mwaka 1868. Ethan Edwards anafika kwa nduguye Aaron, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika. Alipigana upande wa Kusini, yaani upande uliotaka utumwa uendelee, na hajakubali hadi leo kwamba upande huo ulishindwa. Hiyo miaka mitatu alikuwa wapi? Hasemi. Ana mfuko wa sarafu za dhahabu mpya zisizoelezeka, na nishani anayomgawia Debbie, binti mdogo wa Aaron, kama vile anamgawia peremende. Mchungaji Clayton, ambaye papo hapo ni nahodha wa askari wa Texas Rangers, anamwambia waziwazi kwamba sifa zake zinalingana na za watu wengi wanaotafutwa. Anatakiwa kula kiapo cha uaskari, anakataa: ameshaapa mara moja, kwa Kusini, na kwake mtu hana viapo viwili. Kwa hiyo kabla risasi ya kwanza haijalia tumeshapewa mtu mkaidi, pengine mwizi, aliyebaki peke yake kwenye vita ambavyo wenzake walishavimaliza. Na tunampenda. Ameingia ndani, amemnyanyua Debbie juu kwa mikono miwili, mtoto amecheka, basi.

Kisha kuna jambo ambalo picha hailisemi kabisa. Asubuhi, askari wanajiandaa kufuatilia ng'ombe walioibwa. Clayton amesimama mezani anamalizia kahawa yake. Nyuma yake, katika chumba cha ndani, Martha, mke wa Aaron, amelichukua koti la Ethan na analipapasa kwa kiganja, taratibu, kama vile ndani ya koti kuna mtu. Clayton ameona. Anakaza macho mbele na kuendelea kunywa kahawa. Ethan anakuja, anamwinamia shemeji yake na kumbusu kwenye paji la uso, anatoka. Hakuna anayetamka neno, na hadi mwisho hakuna atakayelitaja jambo hilo. Lakini bila sekunde hizo huwezi kumwelewa Ethan. Anayoyafanya baadaye ni kilio cha mtu asiyeruhusiwa kulia hadharani. Mwanamume huomboleza ndugu yake mbele za watu. Shemeji aliyempenda kuliko mke, ataanzia wapi?

Wizi wa ng'ombe ulikuwa mtego wa Wacomanche, kabila la wenyeji wa Marekani, wa kuwavuta wanaume mbali na nyumba. Wanapogundua, wako mbali mno. Martin Pawley, kijana aliyelelewa na Aaron na Martha, anarukia farasi na kutimua mbio. Ethan hamfuati. Anasema farasi lazima wapumzike na wale kwanza, jambo ambalo ni kweli, kisha anasimama anamsugua farasi wake jasho mgongoni. Kamera inabaki usoni pake, juu ya tandiko. Anajua Martha anafanywa nini saa ile, anajua hatawahi, na mkono unaendelea kusugua. Waliozoea kumdharau Wayne kama mwigizaji waanzie hapo.

Kule nyumbani, Debbie amefichwa kwenye makaburi ya familia. Ameegemea jiwe la kaburi lenye maandishi ambayo mtazamaji mwenye haraka hupitwa nayo: aliyezikwa pale ni Mary Jane Edwards, aliyeuawa na Wacomanche mwaka 1852. Ni mama mzazi wa Ethan. Hakuna mhusika anayelisoma kwa sauti. Ford ameliweka tu, na kivuli cha Scar, chifu wa Wacomanche, kinamwangukia mtoto palepale. Chuki ya Ethan, kumbe, haikuanza usiku ule. Ina umri wa miaka 16.

Tena si chuki ya mtu asiyewajua anaowachukia. Wanapokuta kaburi la Mcomanche njiani, Ethan anatoa bastola na kumpiga maiti risasi mbili, moja kila jicho. Mchungaji anauliza faida yake nini. Kwa imani yako haina faida, anajibiwa, lakini kwa imani yao mtu asiye na macho haingii nchi ya roho, atatangatanga na upepo milele. Ethan anaijua dini ya adui yake, anaijua lugha yake, anajua anavyofikiri. Tumezoea kuambiwa kwamba chuki hutokana na kutofahamiana na kwamba watu wakikaa pamoja itayeyuka. Huyu amewasoma Wacomanche kuliko mzungu mwingine yeyote kwenye picha, na kila alichojifunza amekifanya silaha.

Safari inachukua miaka, majira baada ya majira, na Ford anaipitisha kwa theluji, vumbi, barua na vituo vya biashara. Lucy, dada mkubwa wa Debbie, ameshauawa. Ethan anarudi kutoka bondeni alikomkuta, anaketi chini, anachomoa kisu na kuanza kuuchoma mchanga, tena na tena, bila kusema. Amemzika akiwa amemfunika kwa koti lake. Mchumba wa Lucy anapotaka kujua alimkuta katika hali gani, Ethan anamkaripia asimuulize tena maisha yake yote. Hatuonyeshwi kitu. Ford alijua kwamba kisu kile mchangani kinatosha.

Anayebaki naye njiani ni Martin, na huyu ndiye ufunguo wa picha. Ana asilimia ndogo ya damu ya Cherokee, kabila jingine la wenyeji wa Marekani, sehemu moja ya nane. Tangu chakula cha kwanza pale mezani kwa Aaron, Ethan anamtazama kwa jicho la kumpima rangi. Martin akimwita ami, anakatazwa. Akimpa heshima ya bwana, hilo pia halitakiwi. Na bado ni Ethan huyohuyo aliyemwokota akiwa mtoto mchanga, wazazi wake wamekwisha kuuawa. Martin haendi safarini kwa ajili ya kisasi. Anaenda kumchunga Ethan. Yeye ndiye wa kwanza kuelewa kwamba siku Debbie atakapopatikana, hatari kubwa zaidi kwake haitatoka kwa Wacomanche.

Kwa nini amuue? Kwa sababu miaka imepita na Debbie amekuwa mwali. Sasa ni mmoja wa wake za Scar. Kwa Ethan, mwanamke mzungu aliyelala na Mcomanche si mzungu tena wala si ndugu. Kwenye kambi moja ya jeshi wanaonyeshwa wanawake wa kizungu waliokombolewa kutoka utekwani. Wamepotewa na akili. Askari mmoja anashangaa kwamba hawa nao ni wazungu. Ethan anamjibu kwamba si wazungu tena. Anapogeuka kutoka, kamera inamfuata na kusogea hadi usoni, macho yakiwa kwenye kivuli cha ukingo wa kofia. Ford hakuwa mtu wa kusogeza kamera ovyo, kwa hiyo akiisogeza anataka tuone. Tunachoona si ushujaa wala huzuni ya kawaida. Ni mtu aliyeshatoa hukumu.

Ikumbukwe picha hii ilipigwa mwaka gani. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Agosti 1955, huko Mississippi, Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14, aliuawa kwa madai kwamba alimvunjia heshima mwanamke mzungu. Ford alipiga picha yake mwaka huohuo. Woga wa damu kuchanganyika haukuwa habari ya kale kwa waliokata tiketi. Walitoka nao nyumbani.

Ndiyo maana naona tukio zito kuliko yote halimhusu Ethan. Linamhusu Laurie Jorgensen, msichana mchangamfu anayempenda Martin na kumngoja hadi anachoka. Martin anarudi siku ya harusi ya Laurie na mwanamume mwingine, harusi inavunjika kwa ngumi na vichekesho, kisha habari inakuja kwamba Scar yuko karibu. Martin anataka kwenda kumtoa Debbie kabla Ethan hajamfikia. Laurie, akiwa bado ndani ya shela lake jeupe, anamuuliza akachukue nini, masalio ya Wacomanche? Anaongeza kwamba Ethan akimpata Debbie atampiga risasi ya kichwa, na kwamba Martha mwenyewe angetaka iwe hivyo. Anasema kama vile anazungumzia maziwa yaliyochacha.

Basi umeona. Maneno ya Ethan yamo mdomoni mwa bibi harusi. Tulikuwa tumejipanga vizuri: chuki tumembebesha mzururaji mmoja mwenye kiwewe cha vita, na wema tumewapa majirani wenye mahindi, mbwa na gitaa. Laurie anauvunja mpango huo kwa sentensi chache. Walowezi wale wanaihitaji kazi ya Ethan, na kimyakimya wanakubaliana na sababu zake. Tofauti ni kwamba yeye yuko tayari kuitekeleza kwa mkono wake, wakati wao wanataka ifanyike mbali, na wasisimuliwe.

Scar naye amechongwa kwa mti uleule. Wanapokutana ana kwa ana, Ethan anamtania kwamba anaongea Kiingereza vizuri, nani kamfundisha. Baadaye Scar anamrudishia swali lilelile kuhusu Kicomanche chake. Wanawe wawili waliuawa na wazungu, na kwa kila mmoja amechukua ngozi nyingi za vichwa. Hesabu yake ni ya Ethan kabisa. Mwishoni Martin ndiye anayempiga Scar risasi, na Ethan anaingia hemani akiwa na kisu kukuta mtu ameshakufa. Anamchuna ngozi ya kichwa. Kitendo ambacho picha nzima imekitumia kama alama ya ushenzi wa Wacomanche, stelingi anakifanya juu ya maiti, kisha anatoka nje na kupanda farasi.

Nisije nikaonekana natetea kila kitu. Scar anachezwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani mwenye macho ya buluu. Wengi wa Wacomanche wengine wanachezwa na Wanavajo, kabila jingine kabisa, wa Monument Valley, kwenye mpaka wa Arizona na Utah, ambako Ford alipenda kupigia picha zake. Ile miamba mirefu myekundu, kwa taarifa yako, haipatikani Texas. Mabaya zaidi ni habari ya Look, mwanamke wa Kicomanche ambaye Martin anajikuta amemwoa bila kujua, akidhani amenunua blanketi. Anamsukuma kwa teke, anabiringika mteremkoni, na tunatarajiwa kucheka. Ni kichekesho kibaya, kimeoza. Baadaye wanamkuta Look amekufa katika kijiji kilichovamiwa na wapanda farasi wa serikali, na Martin anauliza kwa nini wanajeshi wamuue mtu ambaye hakumdhuru yeyote. Swali ni zuri na linauma, lakini halilifuti lile teke. Ford alikuwa na uwezo wa kuwaona watu hawa na alikuwa na mazoea ya kuwadharau, na yote mawili yamo ndani ya saa mbili za picha moja. Anayetaka kuipenda sharti aipokee pamoja na hilo.

Tufike kwenye fundo lenyewe. Debbie anakimbia, Ethan anamkimbiza kwa farasi, Martin anapiga kelele nyuma hawezi kuzuia kitu. Debbie anaanguka kwenye mdomo wa pango. Ethan anashuka, anamkamata, anamnyanyua juu kwa mikono miwili kama alivyomnyanyua akiwa mdogo, anamtazama, kisha anamshusha kifuani na kumwambia waende nyumbani.

Kwa nini hakumuua? Maelezo ni mengi. Wapo wanaosema damu ni nzito kuliko maji. Lakini Ethan alishaandika wosia wa kumwachia Martin mali yake yote akidai kwamba hana tena ndugu wa damu. Wapo wanaosema hasira yake iliishia kwenye kile kisu hemani, akawa hana tena haja ya kuua. Hilo lina nguvu, na linatisha, maana lingemaanisha kwamba Debbie amepona kwa gharama ya ukatili mwingine. Mimi nashikilia mikono. Kwa miaka yote ile Debbie alikuwa wazo kichwani, jina la aibu ya familia. Alipomnyanyua, akawa na uzito, uzito ambao mikono iliwahi kuubeba mbele ya Martha. Sidhani kama Ethan alitubu. Hakuna anachokisema baadaye kinachoonyesha kwamba maoni yake kuhusu Wacomanche yamebadilika hata chembe. Alishindwa tu kufanya kwa mtu aliye mikononi mwake kile alichokuwa amekiamua juu ya mtu aliyemfikiria.

Alan Le May, mwandishi wa riwaya ya mwaka 1954 ambayo picha imetokana nayo, hakumpa nafasi hiyo. Kitabuni mhusika anaitwa Amos, naye anakufa kwa mkono wa mwanamke wa Kicomanche aliyemdhania kuwa Debbie. Frank Nugent, aliyeandika mswada wa filamu, pamoja na Ford, wakamwacha hai, kisha wakamnyima pa kuishi. Debbie anapokelewa kwa akina Jorgensen, Laurie anaingia na Martin wake, na Ethan anabaki kizingitini. Hapo Wayne anafanya kitu kidogo: mkono wa kushoto unashika mkono wa kulia karibu na kiwiko. Ilikuwa ishara ya Harry Carey, nyota wa picha za kauboi za kimya aliyefariki mwaka 1947, na mjane wake Olive ndiye anayecheza kama mama Jorgensen, mlangoni palepale. Kisha Ethan anaondoka na mlango unafungwa. Wengi husoma hapo kwamba jamii mpya imemtema mtu wa vita. Mimi kila nikiona mlango ule namkumbuka Laurie aliyeingia ndani na shela lake la mawazo. Aliyefungiwa nje ni mmoja. Chuki imeingia na wenye nyumba na kuketi mezani.

Anayekosekana katika haya yote ni Debbie. Alipokutana na Martin mara ya kwanza karibu na kambi alimwambia kwamba Wacomanche ndio watu wake sasa, na akamsihi aondoke. Usiku wa mwisho anakubali kuondoka mara moja, bila sababu yoyote tunayoelezwa, na anapopelekwa kwa akina Jorgensen hana la kusema. Hapo naona picha imekwepa, maana kisa cha kweli kilichokuwa nyuma ya hadithi za namna hii hakina mwisho wa aina hiyo. Mwaka 1836 Wacomanche walimteka Cynthia Ann Parker, mtoto wa miaka tisa hivi, kwenye ngome ya familia yake huko Texas. Ami yake, James Parker, alimtafuta kwa miaka hadi akakata tamaa. Cynthia aliolewa na Peta Nocona, akazaa naye watoto watatu. Texas Rangers na askari wa serikali walipomkamata tena mwaka 1860, alikuwa ameishi na Wacomanche miaka 24. Walimwita aliyeokolewa. Alijaribu kutoroka arudi kwa wanawe mara kwa mara, binti mdogo aliyekuja naye akafa, na yeye mwenyewe akafa miaka michache baadaye bila kuwazoea wazungu wenzake.

Mwanawe Quanah Parker akawa chifu wa mwisho wa Wacomanche waliokuwa bado huru, hadi walipojisalimisha mwaka 1875. Mwaka 1910, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliihamisha mifupa ya mama yake kutoka Texas akaizika upya Oklahoma, karibu na kwake. Picha ya Ford haina nafasi ya mtafutaji kama huyo. Watoto pekee wa Scar tunaowasikia ni wale wawili waliokwisha kuuawa kabla hadithi haijaanza.